Albamu ya mtandaoni kwa picha za Lamu: ipi ulipie, ipi uache

Harusi moja ya Lamu huzaa picha za aina mbili. Za nikahi, mchana, kila mjomba na kila jirani anazitaka kwenye simu yake kabla ya magharibi. Za usiku wa kupamba hupigwa na mpiga picha wa kike, maana mwanamume haingii: bibi harusi na mashoga zake wamevua mabuibui, na mara nyingi wageni wameacha simu zao mlangoni. Aliyelipa ni familia ileile moja. Ukizitia zote kwenye albamu moja yenye linki moja, zile za usiku zitafika kwa watu ambao familia hiyo haikukusudia wazione.

Ndiyo sababu huduma za kuweka picha mtandaoni zilizo hapa chini hatukuzipanga kwa ukubwa wa GB wanazogawa bure. Swali letu ni hili: unaweza kumruhusu huyu na kumzuia yule, na ukibadili nia kesho, mlango utafungika kweli? Nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ina daka la kupokelea mpita njia, kiwanda (ua wa ndani) cha jamaa, na ndani kwa wenyewe. Huduma nyingi za picha zinazosifiwa zina daka tu.

Kagua haya kabla ya bei

Linki si kufuli. Kampuni nyingi huita "ya faragha" albamu isiyoonekana kwenye utafutaji, lakini yeyote aliyepata linki anaifungua. Itume kwenye grupu la ukoo, na jioni hiyohiyo imefika Mombasa na Maskati. Kufuli ni nenosiri juu ya linki, au orodha ya watu wanaoingia kwa akaunti zao wenyewe. Tarehe ya mwisho nayo husaidia: linki inayokufa baada ya siku 14 haikusumbui mwaka ujao, utakapokuwa umesahau kwamba ipo.

Kitufe cha kuzuia upakuaji kina faida, ila kisikudanganye. Kinamzuia anayetaka kubeba picha 300 kwa mguso mmoja. Hakimzuii mwenye kupiga skrinishoti. Mtu usiyemwamini usimpe linki kabisa, hata kama kitufe hicho umekiwasha.

Kisha mahali. Simu huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa usahihi wa mita chache. Picha ya watoto wakicheza uani Shela inaweza kumwonyesha mgeni nyumba ni ipi hasa. Zima alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga. Kuifuta baadaye, faili moja baada ya jingine, ni adhabu.

Na bando. Picha ya JPEG kutoka kamera ya megapikseli 24 huwa karibu MB 10, kwa hiyo picha 500 ni GB 5. Kwa wifi inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya saa tano na nusu, ukiwa na bahati umeme usikatike. Punguza nakala za kutazama ziwe na pikseli 2048 upande mrefu: kila moja itashuka hadi karibu MB 0.8, na kazi yote itaisha kwa nusu saa hivi. Faili kubwa zikabidhi kwa diski au fleshi, mkono kwa mkono. Mji huu ni mdogo, na punda wa mizigo hafiki mbali.

1. Ente: kwa picha za ndani

Hii ndiyo tunayoiweka mbele kwa picha za kupamba, za watoto, na za mgonjwa. Picha hufungwa kwa msimbo kwenye simu yako kabla hazijaondoka, kwa hiyo hata kampuni yenyewe haiwezi kuziona. Ukitengeneza linki ya albamu unaweza kuiwekea nenosiri, tarehe ya mwisho, idadi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuifungua, na kuzuia upakuaji. Anayetazama hahitaji akaunti; anafungua kwenye kivinjari tu. Bibi mwenye simu ya zamani hatakuuliza maswali kumi.

Inapoharibika huharibika kwa namna tatu. Ya kwanza ni nakili mbovu: herufi zinazofuata alama ya # kwenye linki ndizo ufunguo, na zikikatwa albamu haifunguki. Ya pili ni ubahili wa vifaa. Mtu akifungua kwa simu kisha kwa kompyuta, hesabu vifaa viwili. Ukiwa na wageni 20, ruhusu angalau 40. Ya tatu ndiyo mbaya. Ukisahau nenosiri la akaunti yako na ukapoteza maneno 24 ya kurejesha, hakuna ofisi ya kupigia simu, picha zimekwenda. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, uziweke nyumba mbili tofauti. Usiyapige picha kwa simu ileile.

2. Google Photos: kwa familia

Ipo tayari kwenye karibu kila simu ya Android, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Unapata GB 15 bure, ila GB hizo hugawanywa na barua pepe za Gmail na faili za Drive. Enzi ya kuhifadhi bila kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021, ijapokuwa wapo mitaani wanaoapa kwamba bado ipo. Ukichagua ubora wa kubana nafasi, picha zinazozidi megapikseli 16 hupunguzwa hadi hapo. Kwa simu hutaona tofauti. Kwa bango la duka utaiona.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Fungua albamu, ingia kwenye chaguo zake za kushiriki, zima kushiriki kwa linki, kisha alika watu mmoja mmoja kwa anwani zao za Gmail. Hapohapo zima kuonyesha mahali, na uzime ruhusa ya wengine kuongeza picha kama hutaki binamu aongeze za kwake. Ukiacha linki wazi hakuna nenosiri la kuiwekea wala tarehe ya kuifisha, na hapo ndipo Google Photos inapopitwa na ya kwanza.

Mitego mitatu. Aliyealikwa anaweza kuhifadhi picha kwenye akaunti yake, na wewe ukiifuta, nakala yake inabaki. Pia ukimtoa mtu kwenye albamu, picha alizoongeza yeye huondoka naye. Zihifadhi kwanza ndipo umtoe. Na ile huduma ya kushiriki na mwenza huweza kupeleka picha zote, za jana na za kesho, kama hukuchagua tarehe ya kuanzia. Ndoa nyingi zina siri za zawadi, tusiseme zaidi.

Akaunti isiyotumika kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwa mzee aliyefunguliwa akaunti na mjukuu kisha mjukuu akahamia Nairobi, hilo ni jambo la kweli.

3. SmugMug: kwa anayekula kwa kamera

Hakuna kiwango cha bure, ni majaribio ya siku 14 halafu unalipa. Lakini kwa mpiga picha mwenye wateja, ndiyo yenye tabaka nyingi kuliko zote hapa. Kila albamu unaipa mpangilio wake: ya hadharani, isiyoorodheshwa, yenye nenosiri, ya watu uliowachagua, au yako peke yako. Unaweza kuweka kikomo cha ukubwa unaoonyeshwa, kutia alama ya jina lako juu ya picha, na kuzuia kunakili kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Harusi moja inakaa kwenye folda moja, nikahi wazi, kupamba imefungwa, na mteja anaona kazi ya heshima badala ya rundo la faili.

Kosa la kawaida ni kuweka "isiyoorodheshwa" ukidhani umefunga. Hukufunga, umeificha tu.

Malipo huenda kwa dola. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inatosha kwa huduma nyingi za namna hii. Weka pesa siku chache kabla ya tarehe ya kulipa tena, maana kadi ikikataa na wewe uko Kiwayu bila mtandao, wateja ndio watakaokuta albamu imefungwa.

4. Flickr: kwa majahazi na milango

Kama picha zako ni za Maulidi, majahazi ya Matondoni au milango ya kuchonga, na unataka dunia izione, nenda hapa. Ipo tangu 2004, na tangu 2018 inamilikiwa na SmugMug. Kila picha unaichagulia macho yake: wote, marafiki, familia, au wewe tu. Unaweza kuficha taarifa za kamera, na kuzungushia eneo fulani kwenye ramani mpaka ambao ndani yake mahali pa picha hapaonyeshwi kwa wasiohusika. Nyumbani kwako pazungushie kwanza.

Kwa nini basi ni ya nne? Akaunti ya bure inabeba picha 1,000, na tangu 2022 zisizo za hadharani haziruhusiwi kuzidi 50. Harusi haitoshi humo hata nusu. Ukilipia, kikomo hicho kinaondoka. Badilisha mpangilio wa kawaida uwe "wewe tu" kabla ya kupakia, ndipo ufungue moja moja.

5. Albamu za pamoja za iCloud

Nzuri iwapo ukoo mzima una iPhone, jambo ambalo mtajua wenyewe. Albamu moja hubeba picha 5,000 na watu 100, haili nafasi yako ya iCloud, ila picha hupunguzwa hadi pikseli 2048. Mwenye Android hawezi kualikwa kama wengine. Njia yake ni kuwasha ukurasa wa wavuti wa hadharani, na ukishauwasha, kila mwenye anwani anaona. Shangazi mmoja wa Langoni mwenye Android anatosha kuvunja faragha ya albamu nzima.

6. MEGA na Dropbox

Hizi ni za kukabidhi kazi zaidi kuliko za kutazama. Dropbox ya bure ni GB 2, na nenosiri juu ya linki ni la wanaolipa. MEGA inatoa GB 20, na ina ufundi mmoja tunaoupenda: linki na ufunguo wake vinaweza kutenganishwa bure. Linki itume kwa WhatsApp, ufunguo kwa SMS au kwa mdomo. Atakayeiona moja bila nyingine hafungui kitu.

WhatsApp haimo kwenye orodha

Tunajua ndiyo inayotumika. Tatizo si usalama wa ujumbe njiani, ni unakoishia. Picha ikiingia grupu la watu 200, simu nyingi za Android huipakua zenyewe na kuiweka kwenye matunzio ya simu. Baadhi ya simu hizo zimewashiwa hifadhi ya Google Photos kwa folda ya WhatsApp, kwa hiyo picha ya bibi harusi inapanda kwenye akaunti za watu ambao hata hawakuifungua. Kisha mtoto anachezea simu ya baba barazani. Kuifuta kwenye grupu hakufuti nakala hizo.

Itumie kupeleka linki, nenosiri lipitie njia nyingine. Ukilazimika kutuma faili lenyewe kwa ukubwa wake, litume kama hati, hadi GB 2. Lakini kumbuka hati huenda na taarifa za mahali, wakati picha ya kawaida ya WhatsApp huzipoteza.

Jaribio, kisha idhini

Kabla ya kutuma linki yoyote, ifungue kwenye simu isiyo yako, au kwenye dirisha la faragha la kivinjari ambamo hujaingia akaunti. Ikifunguka bila kuuliza chochote, hivyo ndivyo itakavyofunguka kwa kila mtu. Jaribu kupakua. Kisha izime, subiri kidogo, ifungue tena uone kama imekufa kweli.

Wenye nyumba za wageni na walimu wasome hapa mara mbili. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kwenye mkataba wa harusi andika mistari mitatu: nani anapewa linki ya kupamba, linki inakufa tarehe gani, na kama mpiga picha anaruhusiwa kuweka hata picha moja kwenye ukurasa wake wa matangazo. Sahihi iwe ya bibi harusi mwenyewe, si ya kaka anayelipa.