Gari tuliliacha Mokowe: siku nne Lamu kwa mashua na boda

Tulitoka Malindi na gari letu, tukapita Garsen, Witu, Hindi, lami mpaka Mokowe, na vizuizi vya polisi njiani nikaacha kuvihesabu. Mokowe ndipo gari linapokwisha kazi. Tulilipia maegesho karibu na jeti, tukapanda boti kwenda Amu, yaani mji wa Lamu, kisiwani. Shemeji yangu alikuwa ameshanishauri niulizie namna ya kulivusha. Livuke liende wapi? Mji wa kale una vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma.

Mji wenyewe sitauelezea, ngome na milango ya nakshi mmeshaviona kwenye picha. Nieleze visiwa.

Siku ya pili tulikodi mashua kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Kijana aliyetupangia pale gatini alisema saa nane, mashua ikaja saa kumi. Kumbe Takwa haiendewi ovyo. Unaingilia mkono wa bahari wenye mikoko pande zote, na mkono huo hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa tu. Siku ile ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji ya bamvua yakianza kupwa hukimbia. Tulipata nusu saa, hata haikutimia, ya kuutazama msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na lile kaburi la mnara lililo nje ya ukuta, lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683 hivi. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, mpaka leo huenda pale kuomba mvua. Nilitaka nikae kidogo, lakini nahodha alikuwa anaita.

Hatukufika mbali. Mashua ilikaa topeni. Nahodha akasukuma kwa upondo, ule mti mrefu, hadi nusu ya mti ikazama topeni, kisha akashuka, mume wangu akashuka, nami nikafunga buibui kiunoni nikashuka. Tope la mikoko linafika magotini na chini yake kuna vijiti vya mizizi vinavyochoma nyayo. Tulifika Amu saa mbili usiku. Nahodha simlaumu hata kidogo. Yule kijana wa gatini, aliyedai pesa zote bila hata kusema pole, huyo namlaumu.

Kuanzia hapo nikawa nauliza maji kwanza, bei baadaye. Boti ya abiria ya kwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, iliondoka saa tisa alasiri, ikifuata maji ya mlango wa Mkanda, ule mkondo ulio kati ya Manda na bara. Jaketi za kuokolea zilikuwepo, zimefungwa fundo moja chini ya magunia ya unga. Niliomba ifunguliwe yangu, wakacheka, wakafungua.

Pate ndiyo safari niliyoifuata. Usafiri ni bodaboda. Tulikataa mshikaki, yaani abiria wawili juu ya pikipiki moja, tukachukua mbili kwa siku nzima. Kabla ya kuingia mchangani dereva wangu alishuka, akabonyeza valvu ya tairi la nyuma kwa kijiti, fssss, akalipapasa kama mtu anayepima embe, akasema, "Sasa ndia itatukubali, dada." Ikatukubali. Anguko langu moja lilikuwa karibu na Siyu, polepole, mchangani, na boda alisikitika kuliko mimi.

Mjini Pate magofu ya enzi ya Wanabhani, masultani wa Pate, yana tumbaku iliyolimwa katikati ya kuta, unapita kwa ruhusa ya mwenye shamba. Faza na Kizingitini tulipita mbio. Siyu tulilala, kwa wenyeji, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ngome yake inatazama maji ya mikoko, na ukiona jinsi mkono ule wa bahari ulivyo mwembamba unaelewa kwa nini askari wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, walishindwa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu.

Natoa nyota nne. Moja nimeikata kwa yale ya Takwa. Mkienda Pate, bebeni pesa taslimu na leso ya kujifunika vumbi, na msipange kurudi siku hiyohiyo.

Siyu niliagiza makubadhi, vile viatu vya ngozi. Fundi alinisimamisha juu ya kipande cha boksi, akauzungusha mguu wangu kwa penseli, wa kulia tu. Yamefika Malindi juzi. La kulia linanikaa sawasawa.