Dawati la ushauri wa masomo: huduma kwa muuguzi anayesoma digrii huku yuko wodini

Kama una diploma ya uuguzi, uko kazini, na umejiunga na digrii ili ujiendeleze, huduma ninayoisifu hapa ni ile ambayo wengi wetu huipita mlangoni tukikimbilia kulipa ada: dawati la ushauri wa masomo la idara ya uuguzi. Nimelitumia katika chuo kimoja cha binafsi hapa Nairobi. Jina la chuo naliacha, maana nina malalamiko pia, na bado nasoma pale.

Nijieleze kidogo, ili ujue ushauri huu ulimfaa mtu wa namna gani. Nafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali moja ya Eastlands. Nakaa Kayole na watoto wangu wawili walio shule ya msingi, pamoja na mama yangu. Kazi ni saa 40 kwa wiki, na hakuna mwezi unaopita bila naiti, yaani zamu za usiku. Wodi ya wazazi haina siku ya kusema leo nitapumzika kidogo nisome kurasa mbili; mama anayesukuma hakungoji umalize aya.

Mfumo wa usajili wa chuo ulikuwa umeshanipangia yuniti saba, yaani masomo saba ya muhula. Humpangia kila mtu saba, awe na kazi au hana. Kwenye skrini zote zinafanana: yuniti moja ni saa 45 za mhadhara, muhula ni wiki 15, kwa hiyo kila yuniti inakula saa tatu kwa wiki. Saba mara tatu ni 21. Ukiitazama namba hiyo unajiambia utaweza.

Mshauri wetu ni mama wa makamo aliyefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Karatasi ya yuniti hakuigusa.

"Sista, nionyeshe rota yako kwanza."

"Mwalimu, ya mwezi ujao bado haijatoka."

"Basi nipe ya mwezi huu na ya mwezi uliopita. Inchaji wa wodi hubadilisha majina, mtindo wa zamu habadilishi."

Na kweli. Tulipoziweka rota mbili kando kwa kando, mtindo ulikuwa pale pale: naiti zinakuja pamoja, kisha siku za ofu, kisha zamu za mchana mfululizo. Alichukua kalamu nyekundu akapiga mstari kwenye kila asubuhi inayofuata naiti. Ripoti ya kukabidhiana zamu huisha karibu saa moja na nusu, darasa la kwanza linaanza saa mbili, na katikati kuna Jogoo Road ya asubuhi. "Mtu aliyetoka naiti hafundishiki famakolojia, lile somo la dawa," alisema. "Atakaa darasani, ataandikwa yupo, na hatakuwa amesikia neno." Kwa hiyo yuniti yoyote iliyoangukia asubuhi hizo aliiweka pembeni hata kabla hatujaongea kuhusu ugumu wake.

Kisha akanifanyia hesabu ambayo nadhani kila muuguzi anayejiendeleza angepaswa kufanyiwa siku ya kwanza. Saa za yuniti huhesabiwa kwa kipimo cha mhadhara, na saa moja ya mhadhara huchukuliwa kuwa sawa na saa tatu za mazoezi ya vitendo. Yuniti ya vitendo iliyoandikwa 45 ni saa 135 za kusimama kwa miguu yako wodini, tena wodi ambayo si ya mwajiri wako. Katika zile saba zangu, mbili zilikuwa za vitendo. Zile tano za darasani ni saa 15 kwa wiki, na hizo mbili, kwa saa tisa kila moja, ni saa 18. Jumla 33, wala si 21. Ongeza saa 40 za kazi, unafika 73, na bado hujafungua kitabu nyumbani, hujapanda matatu, hujampikia mtu.

Nilikuwa nimeona wenzangu wakianza muhula na saba na kumaliza na sapu tatu, ile mitihani ya marudio, na siku zote tulisema ni uzembe au ni ubongo umechoka kwa umri. Ile karatasi ilinionyesha kwamba wengi wao walikuwa wameshindwa na hesabu tu. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu hao ni wauguzi hodari. Nimewaona wakimrudisha mtoto mchanga aliyezaliwa bila pumzi.

Mpango aliotengeneza ulibakiza yuniti tano: nne za darasani na moja ya vitendo. Hapo saa za masomo zinakuwa 21 za kweli, na pamoja na kazi ni 61. Ni nyingi bado, lakini ndani yake kuna usingizi.

Yuniti zipi zibaki, hapo ndipo nilipoona thamani ya mtu anayeijua kozi kutoka ndani. Mimi nilitaka kuahirisha famakolojia, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa naiogopa. Akakataa. Uuguzi wa wagonjwa mahututi na uuguzi wa watu wazima wa ngazi ya juu vinaitegemea, na mhadhiri wa huko hatarudi nyuma kukufundisha jinsi dawa inavyotoka mwilini kupitia figo. Ukiisogeza famakolojia muhula mmoja, umesogeza na zile zilizo nyuma yake. Alichosogeza yeye ni yuniti mbili ambazo hakuna nyingine inayozisubiri: moja ya uongozi na usimamizi, na moja ya vitendo.

La pili, na hili ndilo lililonishangaza zaidi: alisisitiza takwimu na mbinu za utafiti zianze mapema, wakati sote huziacha mwisho. Sababu yake ni ya kiofisi kabisa. Mradi wa utafiti haumalizwi kwa bidii yako peke yako. Pendekezo likikubaliwa na msimamizi, linaenda kwenye kamati ya maadili. Ukitaka kukusanya data Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, utapitia kamati ya maadili ya pamoja ya hospitali hiyo na Chuo Kikuu cha Nairobi. Juu ya hapo kuna kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kisha barua ya hospitali yenyewe. Kila mlango una foleni yake, na kamati ikirudisha pendekezo na maswali unapanga foleni upya. Anayeanza utafiti muhula wa mwisho hukuta darasa lake limeshavaa joho naye bado anasubiri barua.

Kuhusu yuniti ya vitendo aliyoiondoa, alipendekeza niifanye kwa mfululizo wakati wa likizo yangu ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo. Saa 135 ukizigawa kwa siku 21 ni kama saa sita na nusu kwa siku. Inaingia bila kubaki siku. Kwa hilo namshukuru, ila nina shaka nalo: likizo inayokwenda kwenye wodi nyingine itanipa alama, haitanipa mapumziko. Nitafanya hivyo mwaka huu pekee. Mwenye watoto wadogo asikubali kila mwaka, hata akibembelezwa.

Aliniuliza pia ninalala wapi, swali ambalo chuo hakijawahi kuniuliza kwenye fomu yoyote. Mazoezi ya ukunga kwa kawaida hutupeleka hospitali ya uzazi ya Pumwani, na kwa mtu wa Kayole hapo ni karibu. Ya afya ya akili ni hospitali ya Mathari, kule Thika Road. Kenyatta ni mpaka ushuke mjini, uvuke kwa miguu, upande matatu ya pili. Akapanga Pumwani iangukie muhula wenye naiti nyingi, na ya mbali ingoje.

Halafu akaomba nakala ya alama zangu za diploma. Kuna yuniti za msingi ambazo mwenye diploma anaweza kuomba asamehewe, na barua ya maombi tukaiandika pale pale. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ombi kama hilo lipo.

Sasa malalamiko. Dawati linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi, Jumatatu hadi Ijumaa. Huo ndio wakati ambao wanaolihitaji zaidi wako zamuni. Mimi nilimwomba mwenzangu tubadilishane siku ili niweze kufika. Asiye na mwenzake wa kumkubalia atafanyaje? Darasa letu la wikendi lina wauguzi tele, na Jumamosi ofisi ile ina kufuli. Naomba uongozi wa idara ulitazame hili kwa uzito. Wasipoweza Jumamosi, basi hata jioni moja kwa wiki.

Jambo lingine ni fomu. Kuacha yuniti uliyopangiwa na mfumo kunataka sahihi ya mshauri, ya mkuu wa idara na ya ofisi ya fedha, na majengo hayo hayako pamoja. Karani mmoja aliniambia kwa ukali kwamba nikichukua tano nitachelewa kuhitimu. Ni kweli, nitachelewa muhula mmoja. Mshauri alikuwa amenieleza hilo kwa utulivu, pamoja na gharama yake: ada ya yuniti hulipwa kwa kila yuniti, lakini usajili, maktaba na kitambulisho hulipwa kila muhula hata ukisoma yuniti moja. Kwa hiyo kupunguza mzigo kuna bei, na bei hiyo nimeipima na nimeikubali. Sapu nayo hulipiwa.

Kwa vijana waliotoka kidato cha nne na kuingia digrii ya miaka minne moja kwa moja, huduma hii itawasaidia kwa kiasi kidogo. Yuniti zao zimefungwa kwa darasa zima na nafasi ya kupunguza karibu haipo. Wao waende kwa ajili ya mpangilio wa kusoma, na waende mapema, kabla ya anatomia na fiziolojia kuwazidi.

Kwa muuguzi aliye kazini, nawapa nyota nne kati ya tano, na sababu ya ile iliyobaki ni saa za kufungua na fomu.

Ukienda, beba rota za miezi miwili, alama za diploma, ratiba ya muhula mzima na orodha ya yuniti za kozi yote mpaka mwisho, usibebe za muhula huu tu. Huduma yenyewe hailipiwi. Nenda wiki ya kwanza, tena asubuhi, kwa sababu sahihi ya mkuu wa idara hupatikana kabla ya vikao vya mchana. Fomu ya kuacha yuniti ifike ofisi ya fedha kabla wiki ya pili haijaisha, la sivyo ada ya yuniti uliyoiacha haitarudi, na hata mshauri hataweza kukusaidia hapo.