Uzoefu wangu na smartmontools na iostat kwa diski zilizokuwa nzito, Mwanza

Ukisikia "kompyuta imekuwa nzito", watu wengi huku kwetu hukimbilia kununua diski mpya au kupiga Linux upya. Kabla ya yote mawili mimi huweka zana mbili za bure: smartmontools, iliyoanzishwa na Bruce Allen mwaka 2002, inayosoma vipimo vya afya ambavyo diski hujiwekea yenyewe (SMART) kwa amri ya smartctl, na sysstat ya Sebastien Godard, ambayo ndani yake mna iostat, inayoonyesha diski inavyohudumia maombi ya kusoma na kuandika. Nimezitumia kwenye seva ndogo za maduka ya katikati ya mji, kwenye mashine za kuhifadhi picha za kamera na kwenye laptop za wanafunzi wa Malimbe. Ninazipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu smartctl huweka juu kabisa jibu lisilotosha, na ukweli ukazikwa mistari arobaini chini yake.

Kuziweka kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install --no-install-recommends smartmontools sysstat iotop hdparm

Usiache hilo neno la --no-install-recommends. Bila hilo unaweza kuvuta na seva ya barua pepe usiyoihitaji, bando likaisha bure.

Anza na iostat, smartctl isubiri. Amri ni iostat -dx 2. Ripoti ya kwanza ipuuze, maana ni wastani tangu mashine ilipowashwa, soma zinazofuata. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo ukijumlisha na muda wa kichwa kuhama, r_await (muda ambao ombi la kusoma husubiri hadi lijibiwe; w_await ni ya kuandika) ya milisekunde 10 hadi 20 ni ya kawaida kabisa. Ukikuta %util (asilimia ya muda ambao diski ina kazi) imefika 100, kasi ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, lakini await imebaki hapo hapo kwenye 15, diski ni nzima. Imezidiwa na maombi madogo madogo yaliyotawanyika. Fungua iotop -o umwone anayeyatuma. Tazama pia vmstat 2: safu za si na so zikiwa na namba muda wote, RAM imejaa na mfumo unatumia diski kama RAM. Hapo pesa iende kwenye RAM.

Lakini ukiona await ya 500 au 2,000 huku maombi yenyewe ni machache, hiyo ni diski, waya au umeme. Sasa ndiyo zamu ya sudo smartctl -a /dev/sda (sda ni jina ambalo Linux huipa diski).

Neno PASSED, jibu lile la juu, lisikutulize. Lina maana kwamba hakuna kipimo muhimu kilichovuka mpaka aliouweka mtengenezaji, na mipaka hiyo ni milegevu mno. Upande wa pili, hata namba zote zikiwa safi si dhamana: utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na dalili yoyote kwenye vipimo vinne walivyoviona vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo bakapu ni lazima, SMART iwe safi au isiwe safi.

Mistari ninayoisoma kwanza ni yenye namba 5, 197, 198 (sekta zilizoshindwa kabisa kusomeka) na 199. Namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika; chache zisizoongezeka naweza kuishi nazo, zinazoongezeka kila wiki hapana. Namba 197 ndiyo inayogandisha mashine. Ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua kuzifanyia nini. Kila ikiguswa moja, diski za kawaida za mezani hurudia kusoma hata zaidi ya dakika nzima, wakati Linux husubiri sekunde 30 tu kisha ikaikatiza na kuianzisha upya njia ya SATA, inayounganisha diski na ubao. Mtumiaji yeye anaona kishale kimesimama. Kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo, utakuta "hard resetting link" na "I/O error". Kama diski ziko kwenye RAID (diski kadhaa zinazoshikiana data), toa amri ya smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda ili diski ikate tamaa baada ya sekunde 7 na mwenzake atoe data. Diski nyingi husahau mpangilio huo umeme ukikatika, kwa hiyo uweke kwenye skripti ya kuwashia mashine. Diski ikiwa peke yake, usiitese kwa fsck (ukaguzi wa mfumo wa faili) wala kipimo kirefu cha smartctl. Nakili kwanza, hapa sdb ikiwa diski mbovu na /mnt/nakala ikiwa diski nyingine nzima:

sudo ddrescue -n /dev/sdb /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map

Hilo faili la mwisho ni la lazima. Umeme ukikatika katikati, ndilo linalokuwezesha kuendelea ulipoishia.

Namba 199 imewaponza wengi. Hayo ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA: umelegea baada ya mashine kusafirishwa kwenye bodaboda kutoka Igoma hadi mjini, au pini zimeshika vumbi na unyevu. Hesabu hii hairudi sifuri. Iandike, badilisha waya, kisha nakili GB 20 uitazame tena. Isipoongezeka umemaliza kazi kwa waya tu. Pitia na dmesg | grep -i 'sata link'. Ikisomeka 1.5 Gbps kwenye diski na ubao wa 6.0, mfumo umejipunguzia kasi wenyewe kwa sababu ya makosa hayo hayo.

Joto lina sehemu yake huku. Diski nyingi za mezani zimeandikiwa mwisho nyuzi 60, nami sipendi kuona namba 194, ambayo ni joto, ikipita 50. Kwa mashine zilizo karibu na ziwa, fungua kasha baada ya msimu wa wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku: hujazana kwenye chujio la feni hadi hewa haipiti. Safisha, lakini usizibe kwa stika tundu dogo la kupumulia lililo kwenye diski. Kuhusu mwinuko msiwe na hofu. Mwanza iko kama mita 1,140, na watengenezaji wengi huruhusu hadi mita 3,000 hivi.

Lipo jambo ambalo smartctl mara nyingi haitakuambia waziwazi: diski za SMR, ambazo njia zake za kuandikia zimepandiana kama bati za paa. Zinaandika vizuri hadi akiba yake ya muda (cache) ijae, kisha kasi inaporomoka hadi MB chache kwa sekunde, na w_await inapaa ilhali 5, 197 na 199 zote ni sifuri. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red za TB 2 hadi 6 ni za aina hiyo. Kwa kamera au ZFS (mfumo wa faili wa seva) zikwepe. Tafuta namba ya modeli kwenye orodha ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Kwa bakapu ya mara moja kwa wiki zinafaa.

Kagua pia hdparm -W /dev/sda. Kuna mafundi wanaozima akiba ya kuandikia kwa kuogopa umeme kukatika, na uandishi unakuwa wa kusuasua kupita kiasi. Ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, ikiwa ya kisasa huiamuru diski kumwaga akiba inapobidi, kwa hiyo iwashe kwa -W1 na pesa iende kwenye UPS. Diski ya nje ikisoma MB 30 hadi 40 kwa sekunde, angalia lsusb -t: 480M maana yake umeichomeka kwenye tundu la USB 2.0 au waya ni wa zamani.

Kwenye diski za mtumba nenda na flashi yenye Linux, uwashie mashine hapo hapo dukani. Soma mstari wa namba 9, ambayo ni saa ilizofanya kazi. 20,000 ni zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Ikisoma saa 3 huku kasha limechakaa, historia imefutwa. Kwa diski nyingi za Seagate, smartmontools toleo 7.4 na kuendelea lina smartctl -l farm, inayosoma kumbukumbu nyingine ya saa. Zikitofautiana mno na 9, iache. Kisha smartctl -t short, kama dakika mbili, na jibu liko kwenye smartctl -l selftest. Kipimo kirefu huchukua saa kadhaa kwa diski ya TB 2, kwa hiyo patana na muuzaji urudishe ndani ya siku mbili, na namba ya utambulisho ya diski (serial number) iandikwe kwenye risiti.