Hamilton au Anson: nani alikuwa hatari zaidi?

Katika besiboli ya Marekani, Cap Anson aliichezea timu ya Chicago misimu 22, 1876 hadi 1897, akakusanya mikimbio (pointi anazopata mchezaji akizunguka vituo vyote hadi kurudi nyumbani, kituo cha kuanzia) zaidi ya 1,700 katika mechi zaidi ya 2,200. Ni rundo kubwa, lakini muda nao ulimbeba.

Billy Hamilton alikaribia 1,700 kwa mechi zisizofika 1,600: zaidi ya mkimbio mmoja kila mechi! Mwaka 1894, akiwa Philadelphia, alifunga mikimbio 198, rekodi ya msimu ambayo hata Babe Ruth, nyota mkubwa wa baadaye, hakuifikia. Ruth aliishia 177 mwaka 1921. Hamilton akishapata kituo cha kwanza, hatulii: anachomoka kwenda kuiba cha pili (kukifikia mbio bila kungoja mwenzake apige mpira), anajirusha chini kwa kuteleza, kisha anasubiri wenzake wapige arudi nyumbani.

Kwa mikimbio tu, namchagua Hamilton. Anson alisifika zaidi kwa kupiga, na pia, kwa aibu, kwa kukataa kucheza na weusi.