Daftari la faranga 1,500 na programu ya simu: kipi kilinionyesha pesa zangu zinakokwenda

Methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari tumeizoea vinywani mwa wenye maduka, na kwa miaka mingi niliiona kuwa inawahusu wao peke yao: mwenye duka ana mali, mimi nina mshahara. Mwezi wa Mei 2025 ulinibadilisha mawazo. Ilipofika tarehe 17 nilikuwa nimebakiwa na noti moja ya dola 20 kwenye pochi, na mume wangu aliponiuliza zilizotangulia zimefanya nini, nilimtajia kodi ya nyumba, unga na nauli, kisha nikakwama. Tangu tarehe 1 Juni hadi mwisho wa Novemba nimekuwa nikiandika kila kinachotoka mkononi mwangu, kwa kutumia vitu viwili kwa wakati mmoja: daftari dogo la miraba nililolinunua kwa faranga 1,500 kwenye meza ya vifaa vya shule karibu na soko la Mzee Kabila, hapa Lubumbashi, na programu ya bure ya kuhesabu matumizi niliyoipakua kwenye simu. Programu hiyo sitaitaja jina, kwa sababu yaliyonipata nayo huenda yametokana na simu yangu kuukuu kama yalivyotokana nayo yenyewe.

Nianze na programu, maana ndiyo niliyoitegemea zaidi. Ina sura nzuri. Ukibonyeza alama ya kutoa, inakuuliza kiasi, inakuonyesha picha ndogo za aina za matumizi, unachagua moja, basi, kazi imekwisha kwa sekunde tano. Inajumlisha yenyewe, inachora duara lenye rangi mbalimbali, na haihitaji intaneti kwa kuandika, jambo ambalo mtu wa mitaa kama Katuba au Ruashi anayeishi na umeme wa kwenda na kurudi atalithamini. Wiki ya kwanza nililisahau daftari mara mbili nyumbani, lakini simu sikuisahau hata siku moja.

Tatizo lilianza kwenye sarafu. Programu inataka uchague sarafu moja ya kuhesabia, na mwenye kuitumia bila kulipa hapewi ya pili. Mtu anayeishi Lubumbashi atachagua ipi? Mshahara wangu ni wa dola, kodi ya nyumba ni dola 150, karo ya watoto inatajwa kwa dola. Lakini sombe (majani ya muhogo), nyanya, taksi-basi na uniti za simu ni faranga. Nilichagua dola. Mwezi wa Juni dola moja ilikuwa inabadilishwa kwa takriban faranga 2,800, kwa hiyo pakiti ya biskuti ya faranga 500 iliingia katika simu kama 0.18. Nani atajikemea kwa sababu ya 0.18? Nilipogeuza na kuchagua faranga, kodi ikawa 420,000, ikalimeza duara lote kwa rangi moja, na matumizi mengine yote yakawa vijistari vyembamba pembeni ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha. Namba zote zilikuwa sahihi, lakini hakuna hata moja iliyonishtua, na mimi nilikuwa ninatafuta kushtuliwa.

Aina za matumizi nazo zimepangwa na mtu ambaye hajawahi kupika kwa makala, yaani mkaa. Kuna picha ya mbwa na paka, kuna mazoezi ya viungo, kuna mgahawa na kahawa. Hakuna msiba, hakuna makala, hakuna shemeji aliyekuja kuomba nauli ya kurudi Likasi. Unaweza kuongeza aina tatu za kwako, ya nne inalipiwa. Niliongeza msiba, makala na ndugu, nikaishia hapo.

Daftari lilikuwa na faida ambayo sikuitarajia: lina upana wa kutosha kuweka safu mbili. Upande wa kushoto niliandika dola, upande wa kulia faranga, na katikati nikachora mstari. Siku ya tatu tu nikaona kitu ambacho simu isingenionyesha hata kwa mwaka mzima. Safu ya dola ilikuwa na mistari michache, yote ya maana, na kila mmoja niliukumbuka. Safu ya faranga ilikuwa ndefu, imejaa, na nusu yake nilikuwa naiona kama habari za mtu mwingine. Mimi dola naitunza: naikunja vizuri, naiweka kwenye bahasha, naiogopea hata mchaniko mdogo kwa sababu noti iliyochanika hakuna atakayeipokea. Ikishavunjwa kwa kambisti (mbadilisha fedha) wa barabarani ikawa bunda la faranga, inapoteza heshima palepale. Tangu siku hiyo kila noti niliyoivunja niliiandika juu ya ukurasa, nikaorodhesha chini yake ilichonunua.

Hii hapa noti moja ya dola 20, ya Jumanne moja mwezi wa Juni, iliyotoa faranga 56,000. Unga wa mahindi meka mbili (meka ni kopo la kupimia), 7,000. Makala ya mfuko mdogo wa plastiki, 2,000. Lengalenga (mchicha), 1,500. Kapenta (dagaa), 5,000. Nyanya, vitunguu na mafuta, 6,000. Taksi-basi kwenda na kurudi, 2,000. Pikipiki kutoka kituoni hadi nyumbani kwa sababu nilikuwa nimechoka, 2,000. Uniti za simu mara mbili, 4,500. Soda na keki mchana, 3,500. Mchango wa msiba wa jirani, 10,000. Mdogo wa mume wangu, 5,000. Jumla ni 48,500. Zilizobaki, faranga 7,500, sikuzipata pochini wala akilini, na nilikaa kitandani na kalamu karibu nusu saa nikizitafuta. Kesho yake asubuhi mtoto wangu wa pili akaniambia, “Mama, si ulitupatia za kutoa kopi za mtihani?” Hizo zilikuwa 3,000. Faranga 4,500 mpaka leo hazina mwenyewe.

Mwezi huo wa Juni nilivunja noti za dola 20 mara kumi na nne. Nilipozipanga kurasa zote kumi na nne sakafuni Jumapili jioni, nikapiga hesabu kwa kikokotoo cha simu, tabia zenye gharama zilijitokeza zenyewe, na hazikuwa zile nilizozidhania. Nilitarajia kuona aibu kwenye michopo ya Ijumaa, ile ya mbuzi wa kuchoma tunayokula na wenzangu wa kazini tukitoka ofisini. Michopo ilikuwa kitu kidogo sana. Iliyoniumiza ni makala.

Hapa naomba nikae kidogo. Nilinunua mifuko midogo ya makala 37 kwa mwezi, kila mmoja faranga 2,000, jumla 74,000. Gunia zima, kwa bei niliyolipa mwezi uliofuata, lilikuwa 45,000, na kwa familia yetu ya watu watano lilitosha mwezi mzima na siku mbili juu yake. Kwa nini basi nilikuwa nanunua kidogokidogo? Si kwamba sikujua. Kila mama wa mji huu anajua kwamba gunia ni nafuu. Ni kwamba sikuwahi kuwa na faranga 45,000 zikiwa pamoja mkononi. Kila noti ilipovunjwa ilivunjwa kwa haja ndogo ya saa hiyo, na ilipofika jioni bunda lilikuwa limeshakonda. Nililazimika kubadilisha mpangilio: siku ya mshahara noti ya kwanza inavunjwa palepale kwa ajili ya gunia, kabla kambisti hajaniona kwa jambo lingine. Vivyo hivyo kwa unga, ambao sasa naununua kwa mfuko wa kilo 25 badala ya kwenda na meka kila baada ya siku mbili.

Uniti za simu zilifuata mkondo uleule, vifurushi vya siku moja mara 41 kwa faranga 1,500, yaani 61,500, wakati kifurushi cha mwezi kilikuwa 42,000. Makato ya kutoa pesa za simu kwa vibanda nayo yalikuwa mengi kwa sababu nilikuwa natoa kidogo mara nyingi. Kwa hilo ujumbe wenyewe wa muamala unatosha, kwani unaonyesha kiasi, makato na salio, mradi usiufute.

Nirudi kwenye kulinganisha. Daftari lina kasoro zake, na kubwa kuliko zote ni kwamba halina neno la siri. Mwezi wa Julai mume wangu alilifungua akitafuta karatasi ya kuandikia namba, akakuta mstari wa mdogo wake umejirudia mara sita. Hakukasirika, lakini aliniita kwa sauti ya utaratibu mno, “Mama Esther, hebu njoo unieleze,” na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko nilivyopenda. Mwishowe tulikubaliana kiasi cha ndugu kwa mwezi, tukakiandika ukurasa wa mwisho, naye akaanza kuandika matumizi yake humohumo kwa kalamu nyekundu. Mwenye siri asinunue daftari. Kasoro ya pili ni mvua. Novemba ilinikuta njiani kutoka mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, bila mwavuli, na kwa kuwa karatasi ya bei hiyo hunywa maji kama kitambaa, kurasa za wiki mbili zilishikana. Nilizikausha, zinasomeka kwa shida. Kasoro ya tatu, daftari halijumlishi. Jumapili jioni lazima ukae ufanye kazi hiyo mwenyewe, na mtu asiyependa hesabu ataiacha baada ya mwezi.

Lakini programu nayo ilinipiga pigo ambalo maji hayakunipiga. Mwezi wa Agosti simu iliganda, fundi akairudisha kama ilivyotoka dukani, na kumbukumbu zote za wiki kumi na moja zikaondoka nayo, kwa sababu nakala ya akiba pia ni ya wanaolipa. Niliianza upya, ila kwa moyo wa mtu aliyekwisha kuachwa mara moja.

Jambo jingine lililolipatia daftari ushindi ni mwenendo wa sarafu. Kuelekea mwisho wa mwaka 2025 faranga ilipanda thamani mbele ya dola, na noti ileile ya dola 20 ikawa inatoa chini ya faranga 50,000, huku bei nyingi sokoni zikichelewa kushuka. Katika programu nililazimika kugeuza kwa kichwa kila kiasi, na miezi ya nyuma haikulinganishwa tena na ya sasa. Katika daftari niliandika tu kiwango cha siku juu ya ukurasa, karibu na neno “imevunjwa”, na hesabu ikajieleza. Oktoba nilivunja noti nane. Julai zilikuwa kumi na moja. Septemba siihesabu, kwa sababu Septemba ni ya watoto wa shule, haina mwenyewe mwingine. Nane za Oktoba, zikiwa zimetoa faranga pungufu, zilifanya kazi ambayo kumi na nne za Juni hazikuimaliza.

Wazo la mama kuandika matumizi ya nyumba si geni duniani. Japani wanaliita kakeibo, na tangu mwaka 1904 linahusishwa na mwandishi wa habari Hani Motoko. Wafuasi wake hugawa matumizi mafungu manne: ya lazima, ya kupenda, ya utamaduni, na ya dharura. Nililijaribu gawio hilo mwezi wa Julai. Mafungu matatu yalinifaa. Fungu la utamaduni, ambalo kwao ni vitabu na maonyesho, lilibaki na kitabu kimoja cha shule, hivyo nikaliandika upya kuwa fungu la misiba, harusi na likelemba (mchango wa kupeana kwa zamu). Nadhani kwetu ndio utamaduni wenyewe, na ni ghali.

Nani achukue kipi? Kijana anayeishi peke yake, anayelipwa na kutumia kwa faranga tupu, na ambaye simu yake ni nzima, programu ya bure itamtosha, ila alipie nakala ya akiba ikiwa anaweza. Mwenye familia, anayepokea dola na kula kwa faranga, simshauri aanze na simu. Daftari nalipatia alama nane kwa kumi, programu tano, na moja kati ya hizo tano ni ya ile rangi ya kijani inayotokea mwezi ukiisha na salio. Ukienda kununua daftari usichukue lililobanwa kwa pini mbili kama langu la kwanza, kwa maana kurasa za katikati hutoka zikiguswa sana. La pili nimechukua lililoshonwa, la kurasa 200, pamoja na mfuko wa plastiki wa kulifunika. Vyote viwili ni faranga 3,000, na ndio mstari wa kwanza ulioandikwa ndani yake, chini ya noti iliyovunjwa kwa ajili ya gunia la makala.