REAPER kwa anayefikiria ufundi sauti: uzoefu wangu

Nianze na lawama, kwa sababu REAPER, programu ya kompyuta ya kurekodi na kuhariri sauti, wengi huifuta ndani ya saa moja. Ukifungua REAPER mara ya kwanza unakuta dirisha la kijivu, tupu. Hakuna biti, hakuna ngoma za kubofya, hakuna kinanda chenye sauti ya maana. Kisintesa kilichomo, ReaSynth, kinalia kama kengele ya mlangoni. Aliyezoea FL Studio, programu ya kutengenezea biti ambako kiki (ngoma nzito ya chini) inadunda kabla chai haijapoa, ataona kaibiwa. Kama unachotaka ni kugonga biti tu, baki na FL Studio. Lakini kama unafikiria kazi ya fundi sauti, yaani kurekodi, kuhariri, kumiksi na kukaa nyuma ya mitambo kwenye shughuli, utupu huo una faida yake: sauti haipiti mahali popote bila wewe kuipitisha.

Upande wa gharama ni hivi. Faili la kupakua kwa Windows lina megabaiti kama 15, kwa hiyo hata bando dogo linatosha, na lipo pia la Mac na Linux. Unapewa siku 60 za majaribio bila kitu chochote kufungwa. Zikiisha programu haikugomei, inakuonyesha tu dirisha la kukukumbusha kwa sekunde chache kila unapoifungua. Ule ni uungwana wa wenyewe, si leseni. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, na wanaoruhusiwa kuichukua ni pamoja na wale ambao mapato yao ya mwaka kutokana na kazi hiyo hayazidi dola 20,000. Ukizidi hapo, dola 225. Leseni ya toleo la 7 inaendelea hadi mwisho wa toleo la 8. Hakikisha benki yako imefungua kadi kwa manunuzi ya mtandaoni kabla hujajaribu kulipa. Unatumiwa faili dogo la ufunguo kwa barua pepe, ukishaliingiza programu haihitaji intaneti tena. Kwa mtu ambaye studio yake haina mtandao wa uhakika, hilo peke yake ni sababu ya kununua.

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kujifunzia. Pesa iliyobaki ielekeze kwenye kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) yenye viingilio viwili vya maiki, maiki moja ya dainamiki, hedifoni zinazofunika masikio na kebo nzuri ya XLR. Wanaoanza hukimbilia maiki ya kondensa inayohitaji volti 48 kwa sababu inaonekana ya studio. Kwenye chumba cha tofali chenye sakafu ya vigae na paa la bati, kondensa itarekodi chumba, feni na bodaboda ya barabarani kabla haijamrekodi mwimbaji. Shure SM58, iliyopo sokoni tangu 1966, ndiyo utakayokutana nayo jukwaani kila mara, basi ijue mapema. Mwimbaji akae kama sentimita 15 kutoka kwenye maiki. Akigusa wavu kwa mdomo, besi inavimba.

Trei za mayai ukutani ni mapambo. Zinapunguza kidogo sauti za juu sana, ule mwangwi wa katikati unaoharibu vokali unabaki palepale. Godoro au mablanketi mawili mazito yanafanya kazi, ila yaning'inize nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki. Maiki kama SM58 haisikii sana kilicho mgongoni kwake. Inachosikia ni mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake.

Ukishasakinisha, nenda 'Preferences', kisha 'Audio', kisha 'Device', na kwenye Windows uchague ASIO, njia ya kupitisha sauti haraka, kwa kutumia dereva (programu inayoendesha kadi) iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi yako. Hapo ndipo penye bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukichakata, na hapo ndipo wanaoanza wanapokwama. Bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 2.7 kwa upande mmoja, ya sampuli 1024 ni milisekunde 21. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi, ongeza na muda wa kadi yenyewe. Ikivuka kama milisekunde 10, mwimbaji anaanza kuburuza bila kujua kwa nini. Kwa hiyo rekodi kwa 128, miksi kwa 1024. Ukiacha 128 wakati wa kumiksi na plagini 20 (programu ndogo za kuchakata sauti ndani ya REAPER), sauti itakatakata na utadhani kompyuta imekufa.

Njia nyingine ni kitufe cha kusikiliza moja kwa moja kilichopo kwenye kadi nyingi: mwimbaji anajisikia kutoka kwenye kadi kabla sauti haijaingia kompyuta. Kosa linalojirudia ni kuwasha hicho na pia kuacha treki ya REAPER ikimrudishia sauti. Anajisikia mara mbili, sauti nyembamba kama ya bomba. Zima kimoja.

Sasa geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye kadi, na hapa nitakaa kidogo. Mwambie mwimbaji aimbe sehemu anayopaza kuliko zote, si "cheki, cheki, moja mbili". Zungusha geini ya kadi mpaka vilele vya kipimo vifike kati ya desibeli -18 na -10. Rekodi kwa biti 24 na usihangaike kujaza kipimo, nafasi ipo tele. Kikigusa nyekundu, sauti imepasuka na hakuna plagini itakayoirudisha sawasawa. Kitu ambacho lazima kikae kichwani ni kwamba kitelezi cha treki hakibadilishi kinachorekodiwa. Mtu anaona nyekundu, anashusha kitelezi, nyekundu inapotea machoni, faili linabaki limepasuka. Ukilielewa hilo kwa vitendo, umeshaelewa nusu ya meza yoyote ya kumiksi duniani.

Mvumo wa chini usiokoma, hasa laptopu ikiwa kwenye chaja, mara nyingi ni umeme wetu wa Hz 50 na ardhi mbovu. Chomoa chaja: ukikoma, umeshajua mwizi. Tumia soketi yenye ardhi ya kweli, chomeka laptopu na spika kwenye ekstensheni moja, na waya za kwenda kwenye spika ziwe za balansi. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo uishe. Hiyo pini iko pale kwa ajili ya uhai wako.

Kabla ya treki ya kwanza, hifadhi mradi ukiwa umetiki kuundiwa folda yake na kunakili sauti zote ndani yake. Usipofanya hivyo rekodi zitatawanyika, na siku ukihamisha mradi kwa fleshi utafungua vipande vitupu. Washa pia kujihifadhi kila dakika 5. Umeme hauagi.

Kwenye kuhariri, REAPER haina mshindani kwa bei yake. Herufi S inakata. Toleo la 7 lilileta njia ndani ya treki moja: mwimbaji anarudia ubeti mara tano, kila jaribio linakaa kwenye mstari wake, nawe unachagua neno kutoka hapa na pumzi kutoka pale kwa kuburuta kipanya. Kila mkato upe mpito wa milisekunde 10, vinginevyo utasikia "tik" ndogo ambazo kwenye hedifoni ya msikilizaji zinaudhi kuliko noti iliyokosewa.

Kumiksi vokali naanza na ReaEQ, plagini ya kupunguza au kuongeza masafa: naondoa kila kitu chini ya Hz 80 hadi 100, halafu natafuta utando (sauti iliyoziba) kati ya Hz 250 na 400, napunguza desibeli 2 au 3. Kisha ReaComp, plagini ya kubana sauti inayopaza, kwa uwiano wa 3:1, shambulio (muda wa kuanza kubana) milisekunde 10, kuachia 100, nashusha kizingiti (kiwango ambacho kubana kunaanzia) mpaka inabana desibeli 3 hadi 6 pale anapopaza. Hizo ni namba za kuanzia, masikio yanamaliza. Kwa mwangwi, usiweke ReaVerbate, plagini yake ya mwangwi, kwenye kila treki. Tengeneza treki moja ya mwangwi, uitumie sauti kutoka kwenye vokali, na ndani ya ReaVerbate zima kabisa sauti kavu, yaani ile isiyo na mwangwi. Ukiisahau, kila ukiongeza mwangwi vokali yenyewe inapanda na utafukuza kivuli usiku kucha. Angalia pia kasi ya wimbo: pigo moja kwenye midundo 96 kwa dakika ni milisekunde 625, kwenye singeli ya 200 ni 300 tu. Mwangwi unaopendeza kwenye wimbo wa taratibu utaifanya singeli kuwa uji.

Zoezi ninaloliona bora kuliko kozi nyingi za kulipia ni kuifanya besi iinamie kiki. Kwenye treki ya besi ongeza chaneli ziwe 4. Kutoka kwenye kiki tuma sauti iingie chaneli 3/4 za besi. Weka ReaComp kwenye besi, na kwenye 'Detector input' chagua 'Auxiliary'. Shusha kizingiti mpaka besi inashuka desibeli 3 hadi 5 kila kiki inapopiga. Ukisikia kiki imekuwa kubwa mara mbili na besi haiinami, umetuma kwenye 1/2. Programu nyingine zinakufanyia haya kwa kubofya mara moja, na ndiyo maana watumiaji wake wengi wakisimama mbele ya meza ya kanisani hawajui sauti imepotelea wapi.

Udhaifu upo. ReaTune, plagini yake ya kunyoosha sauti, haifikii plagini maalumu za kazi hiyo, na kwenye Bongo Fleva ambako wateja wanataka ule mnyooko wa kusikika, utalazimika kununua nyingine. Mpangilio wa menyu ni msitu. Mafunzo mazuri, pamoja na video za bure za Kenny Gioia kwenye tovuti yao, yote ni ya Kiingereza.

Kwenye kutoa kazi, dirisha la 'Render' linaweza kupima ukubwa wa sauti bila hata kuandika faili. Spotify husawazisha kwenye kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo kuusukuma wimbo hadi -6 kunakupa wimbo uliobanwa ambao mwisho unashushwa. Acha kilele kisizidi desibeli -1. Mteja mpe WAV ya biti 24, na kama anataka ya kusikiliza kwa WhatsApp, itume kama dokumenti.

Je, ni ajira? Studio za filamu na kubwa za muziki zinataka programu ya Pro Tools, na REAPER haitakuingiza huko peke yake. Kwenye sauti za michezo ya kompyuta inatumika sana. Hapa kwetu, pesa ya mara kwa mara naiona zaidi kwenye makanisa, harusi, redio na podikasti kuliko kwenye nyimbo. Meza kama Behringer X32 inatoa chaneli 32 kwa waya mmoja wa USB, na REAPER inazirekodi zote. Tenga nafasi: chaneli 32 za biti 24 kwa kasi ya 48,000 zinakula karibu GB 17 kwa saa. Ukirudi nyumbani na rekodi ya ibada nzima ya kujifunzia kumiksi, huhitaji shule ya kukupa mazoezi. Linda masikio lakini: kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku, na kila 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu, hivyo 100 ni dakika 15. Tamasha la wastani linavuka hapo.

Jifunze na kuchomelea waya, maana fundi mitambo asiye na soda (risasi ya kulehemia waya) ni abiria. Kwenye XLR, pini 1 ni ardhi, 2 ni chanya, 3 ni hasi. Ukigeuza 2 na 3 kwenye waya mmoja kati ya miwili ya maiki zinazosikiliza ngoma moja, kila maiki peke yake itasikika vizuri, ukiziunganisha besi inatoweka. Bonyeza kitufe cha Ø kwenye treki mojawapo. Besi ikirudi, tafuta ule waya.