Programu iliyoninyima ngome yangu: nyota moja (au tatu, sijui)

Naanza na nyota moja, huko mbele tutaona kama nitaongeza. Nimelipia masomo ya mafumbo ya sataranji kwenye simu, yale ya pesa, si yale ya bure, na mpaka sasa damu inanichemka.

Idadi ya masomo na rangi za ubao sitaeleza, ingia mwenyewe utaziona. Mimi nina ugomvi na fumbo moja tu, lile la Glasgow la mwaka 1895. Kwa asiyelijua: ubaoni zimebaki kete nne. Mweupe ana mfalme b6 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa kulala) na kitunda, kete ndogo kabisa, c6. Mweusi ana mfalme aliyejibanza pembeni, a1, na ngome d5. Mweupe anaanza, na anashinda. Unaweza kulipanga kwa vizibo vya soda.

Unasukuma kitunda c7. Ngome inaanza kukupiga cheki, yaani kumtishia mfalme wako, mfululizo, d6, d5, d4, d3, na mfalme wako anateremka ngazi kwa ngazi, b5, b4, b3, mpaka anatua c2. Kule mwanzoni ukikanyaga pabaya, kitunda kimekwenda na maji. Ukifika c2 unapumua, maana cheki zimekwisha. Hapo ngome inarudi d4 taratibu, kama mtu aliyekata tamaa. Usiiamini. Kitunda kikifika mstari wa mwisho, c8, unakigeuza kuwa kete kubwa unayoichagua. Ukikigeuza kuwa malkia, ngome inakuja c4, cheki. Ukiila, mfalme mweusi hana pa kwenda na wala hajapigwa cheki, kwa hiyo sare. Usipoila, inamla malkia wako. Dawa ni moja: kitunda kikifika c8 unachukua ngome. Unamwacha malkia mezani, unachukua ngome! Sasa unatishia kwenda a8, ngome yake inalazimika kukimbilia a4 kuziba, nawe unasogeza mfalme b3. Unatishia kuila ile ngome, na papo hapo unatishia chekimeti c1, cheki asiyoweza kuitoroka. Yote mawili hawezi kuyazuia.

Nililipata jibu hilo mwenyewe, jioni moja umeme ulipokatika na simu imebaki na chaji kiduchu. Nikapiga meza. Wa nyumbani wakadhani nimeshinda bahati nasibu.

Basi nikafikisha kitunda c8, nikasubiri niulizwe nataka kete gani. Sikuulizwa. Programu ikaniwekea malkia. Ngome ikaja c4. Sare. Halafu maandishi mekundu: UMEKOSEA, JARIBU TENA.

Nimekosea mimi?

Nikarudia. Malkia. Nikabonyeza na kung'ang'ania kidole. Malkia. Nikazima simu, nikawasha. Malkia. Nilirudia mpaka nikaanza kutilia shaka akili yangu mwenyewe. Kwenye drafti sawa, kete ikifika mwisho ni kingi, hakuna mjadala, tumekua hivyo. Lakini hii ni sataranji, mtu ana haki ya kuchagua, na fumbo lenyewe limetungwa kwa ajili ya haki hiyo!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, nikaweka na picha. Baada ya siku kadhaa likaja jibu: "Mpendwa mteja, malkia ana nguvu kuliko ngome. Tunakushauri uanze na somo la wanaojifunza." Hapo ndipo waliponivuruga. Kosa la mashine naweza kumeza. Kupelekwa chekechea na mtu ambaye hata picha niliyomtumia hakuifungua, hapana.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba maelezo ya fumbo, yaliyomo humo humo kwenye somo lao, yanasimulia kisa cha mtu wa namna yangu. Georges Emile Barbier, Mfaransa aliyeishi Scotland na kuwa bingwa wa sataranji wa nchi hiyo mwaka 1886, alikuwa na safu ya sataranji katika gazeti la Glasgow Weekly Citizen. Mwaka 1895 William Norwood Potter, mchezaji wa sataranji wa Uingereza, alifariki, na Barbier akakumbuka mchezo aliocheza Potter na mchezaji mwingine, Fenton, miaka 20 nyuma, mwaka 1875. Akautengeneza kuwa fumbo: kitunda kimeshafika c7, Mweusi aanze, apate sare. Na jibu lake ni ule mtego wa ngome c4 niliousema. Safi kabisa, kila mtu akaridhika.

Isipokuwa padri mmoja. Fernando Saavedra, Mhispania aliyekuwa akiishi Glasgow, mchezaji wa kawaida tu, mtu ambaye katika sataranji hakuna kingine anachokumbukwa nacho. Yeye akasema hapana, si sare, Mweupe anashinda, chukua ngome. Barbier alikuwa bingwa. Angeweza kumjibu, padri, malkia ana nguvu kuliko ngome, rudi kanisani. Hakumjibu hivyo. Alikaa akatazama ubao, na mwezi huo huo wa Mei akachapisha kwamba fumbo lake limevunjwa, akamtaja aliyelivunja. Leo dunia nzima inaliita fumbo la Saavedra. Mwaka haukuisha, Barbier naye akafariki.

Enzi za karatasi hizo, jamani, na gazeti la kila wiki. Mimi nimetuma picha kwa intaneti.

Haya, nisiwe mwongo. Mpwa wangu alikuja kututembelea, akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio, akashuka chini, chini kabisa, akakuta sehemu imeandikwa "malkia moja kwa moja". Akaizima. "Mjomba, hii tu?" Nikacheza tena, nikaulizwa nataka kete gani, nikachagua ngome, ikapigwa zumari na nyota za dhahabu zikamwagika kioo kizima. Nilifurahi kama mtoto. Na kusema kweli bila programu hii nisingemjua Barbier wala yule padri, na hilo fumbo nimeshawaonyesha wazee wa kijiweni kwa vizibo. Mmoja, bingwa wa drafti asiyefungika, alichukua malkia bila kufikiri, nikampa sare yake, akanitazama kama nimemwibia. Kwa furaha ile nilikuwa nimeshaandika nyota tatu. Karibu nne.

Lakini sasa nani anawasha mpangilio kama huo kwenye somo ambalo jibu lake ni kutochukua malkia? Na yule wa huduma, kwa nini hakuniambia "zima pale"? Sentensi moja tu! Alikuwa na muda wa kunishauri nirudi darasani, hakuwa na muda wa hilo?

Haya, mbili. Wapeni mbili.

Juzi programu ikaomba kusasishwa, nikakubali. Usiku nikafungua fumbo langu, nimstareheshe mgeni. Ngazi kwa ngazi, b5, b4, b3, c2. Ngome ikarudi d4. Nikamwambia mgeni, sasa angalia hapa. Nikasukuma kitunda.

Malkia.